Kazi ya kampuni kubwa: kipi ni chako na kipi ni cha kampuni

Mpwa wangu alifika nyumbani Makorora jioni, baiskeli anaikokota kwa mkono mmoja na mkono wa pili kashika bahasha ya kaki. Hajakaa bado, jirani yetu anayekaanga kachori alishampokea kwa sauti: "Hongera baba, sasa umetoka!" Habari ilikuwa imemtangulia. Kapata kazi kampuni kubwa, ile ambayo jina lake liko getini kwa herufi za urefu wa mtu. Dada yangu, mama yake, alikuwa ameshaanza kuhesabu mabati.

Nikaomba nisome. Kurasa tatu, mhuri wa bluu kwenye kona. Mstari wa kwanza ulisema mkataba huu ni kati ya fulani na fulani, na jina la mwajiri halikuwa lile la getini. Lilikuwa la kampuni nyingine ambayo si mimi wala yeye tuliyewahi kuisikia, anwani yake sanduku la posta la Dar es Salaam. Lile jina kubwa lilitajwa mara moja tu, ukurasa wa pili, kwenye mstari wa "kituo cha kazi".

Akaniangalia. "Mjomba, si ni kitu kimoja?"

Swali hilo nalisikia kila wiki Tanga hii. Tangu jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi liwekwe Chongoleani Agosti 2017, na tangu bandari ichimbwe hadi kina cha mita 13 ili meli kubwa zifunge gatini, maongezi ya kahawa Ngamiani yamekuwa ni kampuni kubwa, kampuni kubwa. Mmoja atasema ukiingia huko umemaliza maisha. Wa pili atasema huko ni utumwa wa sare, afadhali bodaboda. Wanabishana hadi kahawa inapoa, na kila mmoja ana mfano wa kweli wa ndugu yake. Wote wawili wanasema kweli, kwa sababu hawazungumzii kitu kimoja. Ndani ya geti lile lile kuna ajira za aina tatu nne, na zinatofautiana kuliko kampuni kubwa inavyotofautiana na duka la mtaani.

Tuanze na maneno yenyewe. Mwajiri wako ni yule uliyefunga naye mkataba: ndiye anayedaiwa mshahara wako, ndiye anayekupeleka likizo, na ndiye anayeweza kukuachisha. Mwenye kiwanja unachofanyia kazi anaweza kuwa mtu mwingine kabisa. Na ukubwa? Sera ya Tanzania ya biashara ndogo na za kati, ya mwaka 2003, ilipima kwa idadi ya watu na kwa mtaji. Kwa upande wa watu, wenye wafanyakazi 5 hadi 49 ni wadogo, 50 hadi 99 ni wa kati, na kuanzia 100 ni wakubwa. Kwa kipimo hicho shamba la mkonge lenye wakataji 300 ni mwajiri mkubwa sawa na kiwanda cha saruji.

Mkataba nao, kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, uko wa namna tatu. Kuna wa kipindi kisichotajwa, ambao mtaani tunauita ajira ya kudumu. Kuna wa kipindi maalumu, wenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Na kuna wa kazi maalumu, unaokwisha kazi ikiisha. Halafu lipo neno kibarua, ambalo wengi hatujui kwamba ni "barua" iliyofanywa ndogo. Zamani mtu wa kazi ya siku alipewa kikaratasi cha kuonyesha kwamba leo kafanya kazi, na jina la kikaratasi likamgeukia mwenyewe. Nalitaja kwa makusudi. Tangu zamani hizo, karatasi uliyopewa ndiyo ilikuwa ikisema wewe ni nani kazini.

Sasa kwa nini kampuni kubwa isimwajiri kila mtu yenyewe? Mwingereza mmoja, mchumi Ronald Coase, aliuliza karibu na hivyo mwaka 1937, na mwaka 1991 akapewa Nobeli. Jibu lake ukilipeleka kwa mama lishe yeyote wa stendi atakuelewa mara moja. Chapati anaweza kuzisukuma mwenyewe, amlipe binti wa kusaidia, anunue ngano, awashe jiko la pili. Au anaweza kuzinunua asubuhi kwa jirani anayepika chapati tu. Akiona gharama na usumbufu wa kuzipika ndani unazidi ule wa kununua nje, ananunua. Kampuni kubwa inafanya hesabu hiyo hiyo kwa ulinzi, usafi, upakiaji wa mifuko, udereva, hata baadhi ya ufundi. Vinavyoshika moyo wa biashara vinapikwa ndani. Vinavyobaki vinanunuliwa kwa mkandarasi au wakala. Mpwa wangu alikuwa chapati ya kununuliwa.

Ndiyo maana ukiingia ndani ya geti unakuta kama shughuli ya harusi. Uani wamejaa watu, wote wameshona sare moja. Ukitazama kwa mbali utasema wote ni wa familia. Lakini wapo wenye nyumba, wapo mapishi waliokodishwa kwa siku tatu, na wapo vijana walioitwa asubuhi waoshe masufuria na walipwe jioni. Sare haiwatofautishi. Ukitaka kuwajua, ngoja mtu aungue mkono na mafuta uone nani anakimbilia funguo za gari.

Mimi nilifanya kazi miaka sita nyuma ya geti la namna hiyo, mwisho nikiwa karani wa mahudhurio. Mezani kwangu kulikuwa na madaftari matatu. La kwanza lenye jalada gumu lilikuwa la wafanyakazi wa kampuni, majina yamechapwa na namba zao. La pili lilikuwa la watu wa mkandarasi, na kila mwezi lilikuja jipya kutoka kwake. La tatu lilikuwa daftari la shule, lenye picha ya twiga, nalo niliandika kwa kalamu majina ya vibarua kila alfajiri kadiri walivyoingia. Watu wa madaftari yote matatu walipita mlango mmoja, walivaa kofia ngumu za rangi moja, wakavuta vumbi moja. Lakini ikija mvua ya kusimamisha upakiaji, la kwanza walilipwa siku yao, la pili walisubiri mkandarasi aseme, na la tatu nilifunga daftari wakarudi nyumbani. Kabla ya ukarani nilikuwa kwenye daftari la twiga, kisha la pili. Kwa hiyo ninapopima mazuri na mabaya napima kwa daftari, kwa sababu kipimo cha jina la getini kilinidanganya mimi mwenyewe kwa miaka miwili.

Mazuri yapo, na ni makubwa. Anayesema kampuni kubwa ni utumwa mtupu hajawahi kudai mshahara wake kwa mtu mmoja aliyezima simu. Zuri la kwanza ni tarehe. Mshahara unaoingia tarehe 27 kila mwezi unakuwezesha kulipa ada kwa mpango, kucheza kijumbe bila kuaibika, kukopesheka. Kiasi nacho mara nyingi ni kizuri zaidi. Mwaka 1911 mchumi wa Marekani, Henry Moore, aliandika kwamba viwanda vikubwa vya nguo vya Italia vililipa zaidi kuliko vidogo, na tangu hapo nchi nyingi zimeonyesha hivyo hivyo. Maelezo moja ni rahisi: mtambo mkubwa ukisimama saa moja hasara ni kubwa, na bosi hawezi kumtazama kila mtu kwa macho yake, hivyo inamlipa kumpa mfanyakazi sababu ya kutoikosa zamu na kutoihama kazi.

Zuri la pili, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote, ni kwamba haki zako zina mtu anayezishughulikia kama kazi yake ya kila siku. Likizo ya siku 28 kwa mwaka haiombwi kama fadhila, iko kwenye ratiba. Mama akijifungua, siku 84 za uzazi, au 100 kwa mapacha, zinakuwa na mtu wa kushika nafasi yake mpaka arudi. Ukiumwa, sheria inakupa hadi siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu. Usiku una malipo yake: kila saa kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi inaongezewa asilimia 5 ya ujira wa msingi. Saa za ziada zinalipwa mara moja na nusu. Haya yote yameandikwa kwa ajili ya kila mwajiriwa, lakini pale penye ofisi ya utumishi, chama cha wafanyakazi na mkaguzi anayebisha hodi, yanatoka kwenye karatasi yakaingia mfukoni.

Chama cha wafanyakazi nacho hustawi palipo na watu wengi. Watu 400 wakikaa mezani na mwajiri wanaweza kupata mkataba wa hali bora za kazi, yaani makubaliano yanayopita kiwango cha chini cha sheria: posho ya nyumba, matibabu ya familia, kiinua mgongo kikubwa zaidi. Watu watatu wa dukani hawana meza hiyo.

Na kuna kujifunza. Pale nilipokuwa, kijana hakugusa mtambo kabla hajaonyeshwa jinsi ya kuuzima, kuufunga kwa kufuli yake mwenyewe na kutundika kadi yenye jina lake ili mwingine asije kuuwasha akiwa ndani. Kadi ile nyekundu iliokoa vidole vya watu ninaowajua. Ukitoka na mazoea ya namna hiyo unatoka na kitu ambacho hata ukienda kufungua karakana yako Pongwe utakuwa nacho.

Mabaya sasa. Baya linalochelewa kuonekana ni kwamba mahali pakubwa panakupa kipande kidogo cha kazi. Kwenye pishi la harusi, ukiwekwa kwenye mbuzi ya nazi, utakuna nazi. Utakuna vizuri, utaitwa harusi kumi, na harusi ya kumi bado hujui pilau inatiwa chumvi lini. Nimemjua mtu aliyekaa miaka kumi na moja akisoma geji mbili na kuandika namba. Alikuwa mwaminifu, hakukosa zamu. Mtambo ulipobadilishwa ukawa unajisoma wenyewe, akagundua kwamba fundi wa gereji ya mtaani mwenye miaka mitatu kazini anajua mengi kuliko yeye. Wakati huo alikuwa na miaka 44.

Sauti yako nayo inafika mbali kwa taabu. Feni ya stoo ikiharibika, unamwambia fomeni, fomeni anaandika, karatasi inapanda, inashuka, inauliza bajeti. Kwenye duka la mtu, mwenye duka anasikia joto hilo hilo na kesho feni imefika. Kupanda cheo ni hivyo hivyo: anayekujua kwamba wewe ni hodari siye anayesaini. Wanaosaini wengine hawako hata Tanga.

Halafu mshahara wa kwenye karatasi. Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, kwa hiyo tuhesabu polepole. Umeambiwa laki nane. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inachukua michango ya asilimia 20 ya mshahara, na mara nyingi nusu inatoka kwako: 80,000. Inabaki 720,000 ya kutozwa kodi. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, 270,000 ya kwanza haina kodi, kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, yaani 20,000, na kutoka hapo hadi 720,000 ni asilimia 20, yaani 40,000. Kodi jumla 60,000. Kama ulisoma kwa mkopo wa serikali, asilimia 15 ya mshahara wa msingi inarudi bodi ya mikopo: 120,000. Mkononi zinaingia 540,000, na ada ya chama bado haijakatwa. Aliyepanga nyumba kwa kichwa cha laki nane ataanza kukopa mwezi wa pili, na benki zinawapenda sana watu wa kampuni kubwa. Mkopo wa mshahara ni mwepisi kuupata. Miaka mitano ya marejesho ndiyo inayomfanya mtu ashindwe kuondoka hata pale anapodhalilishwa, kwa sababu makato hayajaisha.

Hizo 80,000 za NSSF, hata hivyo, usizililie. Ni zako, na mwajiri anaongeza zake. Zililie zikikatwa halafu zisifike. Nilipotoka kwenye daftari la pili nilikwenda NSSF na kitambulisho changu nikaomba taarifa ya michango. Nilikuwa nimekatwa miezi 26. Zilizofika zilikuwa za miezi 11. Mkandarasi alikuwa ameshahama mji. Nilisimama pale kaunta na kile kikaratasi nikakisoma mara tatu, na dada wa kaunta, Mungu amjalie, akaniambia kwa upole, "Kaka, ungekuja kila baada ya miezi mitatu." Neno hilo nimelibeba mpaka leo na ndilo nampa kila kijana.

Pensheni inahitaji michango ya miezi 180, sawa na miaka 15 ukijumlisha. Asiyefikisha analipwa kwa mkupuo na hadithi inaishia hapo. Sasa mchukue kibarua anayeitwa miezi minne kila mwaka na anachangiwa hiyo minne tu. Atazifikisha 180 baada ya miaka 45. Ndiyo tofauti ya daftari na daftari, na haionekani kabisa kwa mtu anayeangalia sare.

Nije kwenye mambo tunayoyaamini bila kuyapima. Watu husema ajira ya kudumu haikatiki. Inakatika. "Kipindi kisichotajwa" maana yake ni kwamba tarehe ya mwisho haikuandikwa. Mwajiri anahitaji sababu halali na utaratibu wa haki, lakini sababu halali ni pamoja na biashara kushuka. Anatakiwa kutoa taarifa mapema, kueleza sababu na kushauriana na chama. Akifuata hayo, watu wanapunguzwa. Na aliye chini ya miezi sita kwa mwajiri yule hana hata kinga ya kuachishwa isivyo haki.

Husema pia kampuni kubwa ikikuachisha inakutajirisha. Kiinua mgongo cha kisheria ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, na hesabu inasimama kwenye miaka 10. Aliyefanya miaka 20 na aliyefanya 10 wote wanapata siku 70. Zaidi ya hapo inategemea mkataba wa hali bora, kama upo, na kama wewe ni miongoni mwa wanaohusika nao. Ukiona umeonewa, una siku 30 tu kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Nimeona watu wakizimaliza siku hizo kwa kumsubiri bosi awaonee huruma, na inaniuma.

Halafu kuna wanaoamini sheria hizi ni za wakubwa tu. Mshona nguo wa barabara ya 12 aliyemwajiri binti mmoja anawiwa naye likizo ile ile ya siku 28. Anatakiwa kumchangia NSSF, na anatakiwa kumchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ule unaolipa mtu akiumia kazini. Mfuko huo unalipiwa na mwajiri peke yake. Ukiona umekatwa mshahara wako kwa ajili yake, uliza siku hiyo hiyo.

Na wapo wanaoona kampuni kubwa haifi. Hili, jamani, sisi watu wa Tanga tusingetakiwa kuambiwa na mtu. Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62 tu. Kutoka miche hiyo mkoa mzima ukageuka mistari ya kijani kibichi hadi upeo wa macho. Watu waliletwa kwa mikataba kutoka bara, wakaitwa manamba kwa sababu ya namba walizopewa, wakapewa kipande cha kuandikiwa siku 30 za kazi. Tanganyika ikawa ya kwanza duniani kwa mkonge. Mashamba yalikuwa miji: nyumba za kambi, zahanati, shule, duka, timu ya mpira. Halafu zikaja kamba za plastiki, bei ikaanguka, mashamba yakataifishwa, mengine yakaota msitu. Aliyekuwa amepewa nyumba na kazi na matibabu na mkono mmoja alivipoteza vyote kwa siku moja. Mkonge umerudi sasa, nashukuru. Lakini wazee waliozaliwa kambini wanakumbuka mwaka ambao king'ora cha korona, kiwanda cha kusindika mkonge, hakikulia.

Bomba la mafuta lina somo lake, na nalisema kwa kuwapenda vijana wanaolitegemea. Bomba lina kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, na 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania. Kuchimba mtaro, kuunganisha chuma, kujenga matangi, kupitisha nyaya, kunataka maelfu ya mikono. Mafuta yakianza kutiririka, yanasukumwa na pampu na kupashwa moto kwa sababu yana nta inayoganda, na hayo husimamiwa na watu wachache wenye ujuzi maalumu. Mradi na kiwanda ni vitu viwili. Kwenye mradi, mkataba wa kazi maalumu ukiisha hakuna aliyekufukuza. Kazi ilikuwa na mwisho tangu siku ya kwanza, na malipo yake mazuri ndiyo mbegu ya kitu kingine ukiwa umejiandaa.

Vipi basi kazi ya mtu mmoja, gereji, duka, karakana? Huko unajifunza pishi zima. Mtoto akiugua saa tano usiku bosi mwenyewe anakuja na pikipiki. Lakini bosi huyo akigombana na mkewe utaisikia, na mteja asipolipa na wewe hulipwi. Sitaongeza mengi, kila mtu Tanga ana ndugu huko.

Nikiulizwa uamuzi wangu, sitoi mmoja kwa wote. Mama mwenye watoto watatu, daftari la kwanza la mahali pakubwa ni hifadhi ambayo hatalipata kwingine kwa urahisi, na ugumu wa kazi ya kipande kidogo anaweza kuuvumilia. Kijana wa miaka 23 asiye na mzigo anaweza kuingia daftari la pili kwa miaka miwili, mradi michango inafika na kuna ufundi anaoutaja kwa jina kwamba ndio anaoufuata. Kukaa daftari la twiga mwaka wa tatu kwa sababu tu jina la getini linapendeza kulitaja, huko naona ni afadhali gereji.

Usiku ule mimi na mpwa wangu tuliandika maswali manne nyuma ya ile bahasha ya kaki. Mkataba huu ni wa aina gani kati ya zile tatu, na unaisha lini? Namba ya uanachama ya NSSF ya mwajiri ni ipi? Nikiumia ndani ya geti lile, nani anatoa taarifa Mfuko wa Fidia? Na mkandarasi akimaliza zabuni yake, sisi tunakwenda wapi? Kesho yake alikwenda peke yake, nilikataa kumsindikiza. Ofisi ya wakala ilikuwa chumba kimoja karibu na stesheni. Dada aliyemhudumia alijibu matatu bila taabu na kuyaandika kwa kalamu pembeni ya vifungu, akasaini. La nne alisema ukweli kwamba hajui.

Mpwa alisaini siku ya nne, kwa miezi kumi na mbili. Nakala yake iko ndani ya mfuko wa plastiki kwenye sanduku la mama yake, pamoja na cheti cha kuzaliwa. Dada yangu ameacha kuhesabu mabati kwa sasa. Mwezi wa tatu ulipoisha, kijana alipitia NSSF akiwa na buti zake zenye vumbi, kisha akaja hapa barazani akanipa kikaratasi. Mistari mitatu, miezi mitatu, yote imefika.